Tatu Mara Tano

Nkunga, Jumatano

Nimemsimamisha Atupele wa darasa la tatu kipindi kizima, na sasa roho inanisuta.

Nilifundisha kwamba mikungu mitatu ya ndizi yenye chana tano tano ni sawa na mikungu mitano yenye chana tatu tatu. Akasema, "Si sawa, mwalimu." Nikaona ni ujeuri.

Nilisahau kwamba tangu malori ya wafanyabiashara yaanze kuja, watoto hubeba ndizi hadi barabarani, juu ya kilima, kabla ya shule. Mkungu mmoja kichwani, kisha mtoto anarudi kuchukua mwingine.

Chana ni kumi na tano, hilo silifuti. Lakini Atupele anapanda kilima mara tano badala ya tatu.

Kesho nitamwomba radhi mbele ya wenzake, yeye akiwa amekaa.