Nawaambia Wageni Ameenda Soko

Mama Jelagat wa redio, bibi yangu wa ndoa alikufa. Waithera. Mapafu, Oktoba mwaka jana. Naomba unisaidie kwa sababu wageni hawajui, na mimi ndiye nawaficha.

Mimi napasua kuni na kubeba mizigo kwa gesti ya Vikram hapa Njoro, Waithera alikuwa anapika hapo hapo. Zamani wageni walikuwa wachache, wale wa kupotea njia, halafu Vikram akaweka gesti kwa intaneti, kwa ile kampuni kubwa ya kubuku vyumba, na picha aliweka ni ya Waithera mlango wa jikoni na sahani ya chapati, wageni wakaanza kutoka kila mahali, wengine wanaandika huko kwa kompyuta wakimtaja jina. Fujo ya uchaguzi ikawafukuza, sasa wamerudi, na wa kwanza kushuka akauliza Waithera wapi. Nikasema ameenda soko. Ilitoka tu. Jioni nikajipata naangalia geti.

Tangu hiyo siku naambia kila mtu hivyo. Ni tamu kusema.

Sasa kuna mama mzee Mjerumani, alikuja mwaka juzi wakapika pamoja, amerudi na kitambaa amemshonea. Anakaa mlango wa jikoni anangoja. Ananiuliza, "Soko mbali?" Namwambia mbali kidogo.

Kavita, bibi ya Vikram, amesema, "Wanyoike, mwambie, ama nitamwambia mimi, na hiyo picha tutoe." Sina picha yake ingine. Na nikimwambia huyu mama, Waithera hatakuwa soko tena. Nifanye nini? Leo niko off, nimeleta barua mwenyewe hapa stesheni yenu ya redio. Kesho narudi kazini.

*

Wanyoike, pole sana. Ile ya kwanza ilikuponyoka, nakuelewa. Hizi zingine ulisema ukijua. Umeweka mama wa watu mlangoni anangoja marehemu na kitambaa mkononi, hiyo si haki. Na Waithera mwenyewe, miezi yote hii unamtuma soko tu, hata angekuwa hai angekasirika.

Kwa picha usibishane na Kavita. Mwombe akutolee nakala moja ya karatasi kabla hajaifuta, uende nayo nyumbani.

Kesho asubuhi, kabla hujashika shoka, keti na huyo mama. Sema alikufa, usizunguke. Pokea kitambaa. Halafu muulize walikuwa wanaongea nini wakipika, kwa sababu hiyo wewe hujawahi kuisikia, na akipanda ndege ataenda nayo.