Wasio na Kadi

Jumatatu, 8 Aprili 1974
Nimechemsha sindano, nimefagia, nimefungua dirisha la zahanati ya shamba. Foleni ilifika mpaka kwenye bomba la maji. Wakata mkonge wenye vidonda vya miiba. Homa, homa, homa. Kadi ya kazi kwanza, ndipo dawa. Ni amri ya meneja na mkono wangu umeizoea.

Saa nne akaja mama kutoka kijiji kipya, ng'ambo ya uzio wa shamba. Serikali iliwahamishia pale mwaka jana kutoka bondeni Ruvu, ikawaahidi shule, kisima na zahanati. Shule ipo, ya makuti. Zahanati hakuna. Amembeba binti mdogo, mwili unawaka. Hana kadi. Nikamwambia aende kutibiwa Mlandizi.

"Kwa miguu, sista? Na mvua hii?"

Nikaita anayefuata.

Mtoto ni wa rika la binti yangu Namsifu. Miaka minne.

Jumatano, 10 Aprili
Yule mtoto amekufa. Degedege, njiani. Nimeambiwa na Bi Tatu, mkunga wa jadi wa kijiji kile. Hakuja kugomba. Alisimama nje ya mlango na kanga yake iliyolowa, akasema, "Nimeona heri ulijue, mwanangu." Akaondoka.

Dawa ilikuwa kabatini. Hatua sita kutoka mlangoni. Nimezipima leo kwa miguu yangu.

Ijumaa, 12 Aprili
Ijumaa Kuu. Sikwenda kusali. Nimeshinda na picha ya Namsifu mapajani. Yupo Upareni kwa mama yangu tangu hajaota meno. Baba yake alikufa kwa ajali ya lori mlimani, mimi nikaenda kusomea ukunga, halafu serikali ikaniazimisha kwa shamba hili la mkonge. Nimeandika barua tatu kuomba uhamisho wa kwenda Same. Hakuna jibu.

Sijui sauti yake ikoje sasa. Najua uzito wake wa miezi saba tu.

Alhamisi, 2 Mei
Sijaandika muda mrefu. Sina la kujivunia.

Leo asubuhi Bi Tatu amekuja mbio. Mkwewe, Mwanaidi, ana uchungu tangu jana na mtoto ametanguliza makalio. "Mie mikono yangu imefika mwisho," akasema. Nilichukua begi, nikapita kwenye uwazi wa uzio. Sikumwomba mtu ruhusa.

Nyumba haijakandikwa upande mmoja. Mwanaidi amechoka, macho yako mbali. Tulifanya kazi wawili, Bi Tatu kichwani akimsemesha Kizaramo, mimi chini. Saa tano mtoto akatoka. Mwanamume. Hakulia. Nikamfuta pua, nikampulizia, nikamsugua mgongo. Nikamsugua tena. Akalia.

Nami nikalia. Bi Tatu alinitazama bila kuuliza.

Ijumaa, 3 Mei
Meneja ameniita. Si mtu mbaya. Amechoka tu, anaogopa wakubwa wake. Akasema dawa huletwa kwa hesabu ya wafanyakazi, nikiwafungulia wanakijiji zitakwisha katikati ya mwezi, na mfanyakazi akifa ataulizwa yeye. Ni kweli. Nikamwambia kuna mtoto amekufa tayari, hakuna aliyeulizwa. Akasema: "Ukirudia, naandika wilayani uondolewe."

Nilitaka kucheka. Kuondolewa ndicho ninachokiomba mwaka wa pili huu.

Jumanne, 14 Mei
Nimekwenda wilayani Kisarawe na Bi Tatu na mwenyekiti wa kijiji. Tulitoka alfajiri, mabasi mawili, kilima cha mwisho kwa miguu maana barabara ilikuwa tope tupu. Barua niliiandika mimi. Wanaomba jambo moja: zahanati ya shamba iwatibu bila malipo kama serikali ilivyoahidi, na wilaya iongeze dawa.

Ofisa wa afya aliisoma mara mbili. Akasema zahanati yao ipo kwenye mpango. Bi Tatu akauliza, "Mpango huo, baba, sisi tuugue lini ili tuuwahi?"

Hakuna aliyecheka. Ofisa akavua miwani. Ameahidi kuja.

Ijumaa, 24 Mei
Amekuja kweli. Kikao chini ya paa la ghala la mkonge, meneja upande huu, wanakijiji upande ule. Yule mama wa mtoto aliyekufa alikuwepo. Nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba ni mimi niliyemrudisha. Yeye alinitazama tu, mpaka nikakaa.

Wamekubaliana. Kuanzia Julai wanakijiji watatibiwa hapa, bila kadi, na wilaya italeta dawa zao. Meneja ametia sharti: asiondolewe mkunga, kwani mwingine hana. Ofisa akaniuliza kama nitabaki. Nikasema sawa. Limenitoka haraka hivyo.

Jumanne, 28 Mei
Barua ya Wizara. Imetoka Dar kabla ya kikao, ikachelewa njiani. Uhamisho umekubaliwa. Same. Niripoti baada ya siku thelathini.

Nimeisoma nimesimama. Nimeisoma nimekaa. Sijamwonyesha mtu.

Jumamosi, 1 Juni
Siwezi kula. Nikienda, meneja atafunga mlango, ana haki, sharti lake lipo kwenye karatasi. Nikibaki, Namsifu atakua bila mimi. Nawachukia wote. Ofisa, meneja, Bi Tatu na ulimi wake mzuri. Najichukia mimi zaidi kwa ile "sawa".

Jumatatu, 3 Juni
Nimeandika barua mbili. Kwa Wizara: naomba uhamisho usitishwe. Kwa mama: naomba mwanangu aletwe.

Jumatano, 19 Juni
Jibu la mama. Maneno machache, kaandikiwa na kaka. Mtoto ataletwa. "Ananiita mimi mama. Usishtuke."

Jumanne, 2 Julai
Siku ya kwanza. Wamekuja wengi, wengine si wagonjwa, wamekuja kuona kama ni kweli. Yule mama alikuwa wa tisa kwenye foleni, na kikohozi. Nikamwuliza jina, nikaliandika. Anaitwa Zainabu. Sikuwa nikilijua. Alipopokea dawa akasema, "Ahsante." Tulitazamana.

Jumapili, 7 Julai
Treni imefika stesheni ya Ruvu saa tatu. Kaka ameshuka na mtoto mkononi. Mrefu kuliko nilivyomwaza. Gauni limeshonwa na mama, nimelijua kwa pindo lake.

"Msalimie," kaka akasema.

"Shikamoo."

Kama anavyomwamkia mgeni yeyote. Nikaitika marahaba.

Jumamosi, 20 Julai
Kaka amerudi juzi. Namsifu alilia siku nzima, akimwita bibi yake. Leo hakulia. Amekula uji, akaniuliza hapa milima iko wapi. Nikamwambia hapa hakuna.

Bado hajaniita kitu chochote. Akitaka jambo hunivuta kanga. Sasa hivi amelala mchana, ameelekea ukutani, na mimi nimekaa karibu naye.