Gari la Kuvuta Tela

Bujora, 4 Mei 2024

Mwanangu Queen,

Hujambo? Sisi huku wazima, ila mama yako anakohoa kidogo. Ninaandika kwa sababu nikipiga simu unanikatia.

Nilikuomba unichagulie gari la kuvuta tela letu, lile dogo tunalolala mimi na mama yako tukienda mashindano ya ngoma. Umenichagulia nini? Pikapu kuukuu ya dizeli, imekwaruzika kila upande! Mimi ni kiongozi wa wachezaji thelathini, si mchuuzi wa viazi. Wapinzani watanitungia wimbo mpaka nife. Kaka yako Obedi amepata gari jeusi, linang'aa hadi vioo. Tumemaliza.

Baba yako,
Machibya

Mkolani, 8 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Mpe Mama pole ya kikohozi.

Nimekasirika na sifichi. Miaka tisa nashika spana gereji hapa Mkolani. Obedi anauza mashati. Ila yeye ana ndevu, basi ndiye anayejua magari. Gari lake ni jepesi kuliko tela likishapakiwa. Kuvuta litavuta. Kusimama je? Mteremkoni tela ndilo litakaloliendesha gari.

Na ile ngoma kuu. Najua kwenye kundi lenu hushuka ya kwanza uwanjani, kwa hiyo hupakiwa mwisho, nyuma mlangoni. Uzito ukikaa nyuma, tela linayumba. Isogezeni mbele, heshima yake haitapungua. Tena mtu asipande ndani ya tela likiwa barabarani.

Msomee Mama barua hii yote, maana macho yake hayaoni tena mwandiko.

Binti yako,
Queen

Misungwi, 19 Juni 2024

Mwanangu Queen,

Salamu. Mimi mzima. Mama yako amelazwa hospitali hapa, amevunjika nyonga. Tulikuwa tunakuja mashindanoni, tela likayumba mteremkoni, likalala ubavu. Obedi, aliyekuwa akilivuta kwa gari lake, hana hata mchubuko. Ajali haina kinga, kwa hiyo usianze maneno yako. Njoo na ile pikapu tulivute tela turudi nalo.

Baba yako,
Machibya

Mkolani, 22 Juni 2024

Baba,

Shikamoo, ingawa leo imenitoka kwa shida.

Jana nilifika wodini. Nikaambiwa umekwenda kulitazama tela. Tela, Baba! Mama amenieleza kwamba alikuwa humo ndani, ameikumbatia ngoma kuu isibiringike, kwa sababu wewe ulimwambia aishike. Akasema, "Usimlaumu baba yako, mwanangu. Nani angejua?" Nikamuuliza kuhusu barua yangu ya Mei. Akasema, "Barua gani?"

Sikumjibu. Kumjibu ni kazi yako. Barua unayo, kaa kitandani pake umsomee neno kwa neno. Usipomsomea, usiniite tena mwanao. Na tela lioze hapo hapo lilipo.

Queen

Misungwi, 25 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba.

Nimemsomea asubuhi. Nilipofika pale uliposema mtu asipande ndani, nilitaka kuruka mstari. Sikuruka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza barua iliandikwa tarehe ngapi. Nikamtajia. Akageuzia uso ukutani. Uji niliomletea amempa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Mpaka jioni hii hajasema nami neno. Amemtuma nesi aniambie nikuandikie, uje umchukue akakae kwako.

Baba yako,
Machibya