Karatasi ya Pili

Ringwani,
6 Februari 1994

Kwa mwanangu Kisyeri,

Uniwie radhi kwa ukimya wangu tangu Agosti. Uliondoka kwenda machimboni bila kuaga, nami nikaona kwamba asiyeaga hasubiri barua. Sasa naandika kwa sababu ya mama yako. Natumaini u mzima. Mimi ni mzima.

Daktari amesema mama yako ana vidonda vya tumbo, na amemkataza pilipili kichaa. Unamfahamu. Mboga isiyo na pilipili anaisogeza pembeni, anasema hawezi kula chakula cha mgonjwa. Tangu Krismasi amekonda hata pete imemtoka kidoleni. Nilimletea pilipili hoho, akaniuliza kama nimeanza kumlisha majani ya ng'ombe.

Hapo kwenu wamejaa watu wa kila kabila, na kila kabila lina jungu lake. Nitafutie mbegu za pilipili yenye harufu na ladha, lakini ukali wake uwe wa wastani. Nitaipanda katika bustani yake nyuma ya jiko. Jambo hili lisicheleweshwe.

Baba yako,
Nashoni

*

Machimboni, Tarime,
27 Februari 1994

Shikamoo Baba. Mpe Mama shikamoo yangu. Mimi ni mzima, ila vumbi la mawe limenikaa kifuani.

Nisamehe kwa kuondoka vile. Nilijua ukinitazama ningebaki.

Suala la pilipili nimelipeleka kwa Adhiambo, mama anayetupikia hapa. Alicheka, akasema wanaume huku humwuliza habari za dhahabu tu. Amenipa mbegu za aina tatu, nami nimezifunga katika karatasi zenye namba. Ya kwanza ni ndefu na nyekundu, ina nyama nyingi na haiumi. Ya pili ni ya njano, imekunjamana kama pilipili mbuzi na inanukia kama pilipili mbuzi, lakini ukiitafuna unatoka jasho kidogo puani na mambo yanaishia hapo. Adhiambo anasema Mama ataipenda hiyo. Ya tatu ni pilipili mbuzi yenyewe, kali kabisa. Hiyo ni yako, maana najua bila hiyo huli samaki.

(Karatasi ya pili)

Baba, sasa naomba usikasirike. Lile jiwe jeupe lililo mwisho wa bustani ya Mama, tulilokuwa tukilikalia utotoni, nilichukua kipande chake siku niliyoondoka. Tumekitwanga na kukiosha. Kina dhahabu. Mimi na wenzangu wawili, Otieno na Steven, tuna kamba na pampu, na tunaomba ruhusa ya kuchimba duara, yaani shimo la dhahabu, moja tu hapo. Hapa nashuka kila siku futi tisini katika shimo la mtu mwingine. Juzi kuta zilimwaga udongo, nikatolewa kwa kuvutwa miguu. Heri nichimbe kwetu.

Jambo la mwisho, ambalo Adhiambo amelirudia mara tatu: pilipili hizi zisikae pamoja. Nyuki huchanganya maua yake. Mwaka wa kwanza hutaona kitu, lakini ukipanda mbegu za tunda lililochanganyika, ile ya upole itazaa kali, na kwa macho hutaitambua. Ya tatu ipande mbali, ng'ambo ya zizi.

Mwanao,
Kisyeri

*

Ringwani,
18 Septemba 1994

Kwa mwanangu Kisyeri,

Salamu. Sisi hatujambo.

Mbegu zilifika salama. Niliziotesha zote tatu katika bustani ya mama yako, kwa mistari iliyonyooka, namba kwa namba, ili tuzilinganishe. Mama yako aliionja ya kwanza akasema ni maji matupu. Alipoionja ya pili aliongeza ugali. Tangu siku hiyo anakula, na uso wake umerudi. Mwambie huyo mama Adhiambo kwamba namshukuru sana.

Miche ya namba moja nimeing'oa. Mbegu za namba mbili nimezikausha, na mvua zikianza nitapanda kitalu kizima.

Kuhusu karatasi ya pili, sina jibu.

Baba yako

*

Ringwani,
11 Juni 1995

Kisyeri,

Sitakuuliza habari za afya leo.

Jumapili iliyopita mama yako alichuma pilipili za njano kutoka kwenye miche mipya, akala kama kawaida. Haikupita saa moja akaanza kutapika damu. Tulimbeba kwa baiskeli hadi barabarani, na sasa amelazwa. Nimezionja pilipili hizo mwenyewe. Ni moto mtupu.

Nilikuamini. Uliomba kuchimba bustani ya mama yako, ukanyimwa jibu, na sasa bustani hiyo imemlaza. Watu wa hapa wanasema ulituma mbegu hizo ili achukizwe na bustani yake akuachie. Sijawapinga. Nataka unieleze kwa mkono wako ulichokifanya.

Nashoni

*

Machimboni,
17 Juni 1995

Shikamoo Baba.

Selestine, uliyemtuma, amenipa barua yako leo nikitoka shimoni, na anarudi nayo hii sasa hivi. Yuko vipi Mama? Niandikie hata mstari mmoja.

Tangu nilipotuma mbegu sikupata barua yako nyingine hadi hii. Nilichokifanya nilikiandika mwaka jana. Soma karatasi ya pili hadi mwisho.

Wenzangu wamechoka kusubiri. Wanasema mwisho wa Agosti tuje na kamba hata bila jibu. Nimewazuia, lakini sijui hadi lini.

Mwanao

*

Ringwani,
6 Agosti 1995

Kwa mwanangu Kisyeri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mama yako alirudi nyumbani wiki tatu zilizopita. Anatembea, na anagomba.

Karatasi ya pili niliikuta ndani ya Biblia, mahali nilipoiweka. Siku ilipofika niliisoma hadi neno dhahabu, nikaikunja. Kwa miaka thelathini na mmoja darasani niliwachapa watoto wa watu kwa kujibu swali kabla ya kulisoma lote. Nilimlisha mama yako moto kwa mkono wangu, kisha nikakusingizia wewe. Nimewaambia hivyo watu wale wale waliokusema, nikiwa nimesimama mbele yao kanisani. Nakuomba msamaha.

Nilimsomea mama yako karatasi yote. Nilitaka kukukatalia mara moja, akanizuia. Alinikumbusha kwamba kwa mila yetu bustani ya nyumba ni ya mama wa nyumba, na kwamba wewe ulimwomba mtu asiyehusika. Kisha akanishika mkono, akanipeleka kwenye jiwe jeupe. Pembeni yake umesimama mche mmoja wa pilipili. Mwaka jana alichukua mbegu chache za karatasi namba mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, na mvua za mwaka huu zilipoanza akazipanda huko bila kuniambia.

"Ninyi walimu mnapenda mistari," alisema. "Mimi sikuiamini mistari yako."

Ni mche huo mmoja tu uliobaki wa zile mbegu ulizotuma. Una matunda kumi na moja, bado ni ya kijani. Duara lenu likichimbwa, litaanzia kwenye mizizi yake. Miche yangu yote nimeing'oa na kuichoma.

Nilimuuliza nikuandikie nini. Alikaa juu ya jiwe. Habari za zile kuta zilizomwaga udongo zilimgusa kuliko dhahabu, maana alinitaka nizirudie. Mwishowe alisema, "Mwambie aje ale kwanza. Bila kamba, bila wenzake. Nikimwona anavyokula, nitajua amekuja kwangu au kwa jiwe."

Njoo, basi, matunda yatakapoiva. Wenzako wabaki huko. Mimi sitamsemea neno, si la kukubali wala la kukataa. Mama yako akishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, kwa karatasi moja tu.

Baba yako