Kidonge cha Tarehe Nne

4 Machi

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Mimi mzima, tena wa kujivunia: madaktari wa utafiti wamenichagua kwa sababu sina ugonjwa wowote. Wanatupa vidonge vya kuchangamsha, kisha wanatuingiza kwenye mashine kupima ubongo unavyotumia sukari. Siku nyingine kidonge ni unga mtupu, na hata daktari hajui ni siku ipi. Majibu yamefungwa kwenye bahasha.

Nakuandikia hapahapa kitandani, nikisubiri zamu yangu ya mashine. Miaka sita nimekununia kwa kuwa hukuja kumzika baba. Leo moyo umekuwa mwepesi, nimekumbuka ulivyokuwa ukinibeba mabegani nichungulie redio ya jirani dirishani. Yameisha, kaka. Njoo.

Mdogo wako,
Chiriku

13 Machi

Chiriku wangu,

Sisi wazima, ila wifi yako analalamika kwamba tangu barua ifike naimba, na sauti yangu unaijua. Siku ya mazishi nilifika mpaka stendi. Baba alikufa hatujapatana, nikaona haya kusimama mbele ya kaburi lake, nikageuza. Sijawahi kumwambia mtu.

Nakutengenezea meza, ndogo, ya watu wawili. Nakuja nayo tarehe ishirini na tisa.

Kaka yako

18 Machi

Kaka,

Natumaini hujambo. Usije. Siku ile nesi alinikuta nacheka peke yangu, akasema, "Leo umepata dawa yenyewe!" Kumbe ndivyo dawa hizi zinavyoweza kumfanya hata mtu asiye na tatizo: anampenda kila mtu. Yale yalikuwa maneno ya kidonge. Habari ya stendi nimeisoma, na hasira imerudi palepale. Kufika stendi si kuzika.

Mdogo wako

2 Juni

Kaka yangu,

Hali yako? Kimya chako kinanitesa. Utafiti umekwisha, bahasha zimefunguliwa. Tarehe nne Machi nilimeza unga mtupu. Hata picha ya ubongo wangu ilikuwa sawa na ile waliyopiga kabla sijameza chochote. Furaha ile ilikuwa yangu, kaka, na msamaha ulikuwa wangu. Niliisingizia dawa. Najuta sana. Njoo na meza, nimeshaitengea nafasi karibu na dirisha.

Mdogo wako,
Chiriku

21 Juni

Dada,

Salamu. Huku hatujambo. Meza nilimpa dobi wa jirani, anapigia pasi mashati ya watu. Wifi yako anasema nimeacha kuimba, nyumba imetulia.

Nashukuru kujua kidonge kile kilikuwa unga. Ila barua zako zote ninazo hapa kwenye benchi la kazi, na kuna jambo moja nashindwa kulielewa. Naomba unijibu ukipata nafasi. Tarehe kumi na nane Machi ulikuwa umemeza nini?

Fundi seremala