Shati la Kiume Juu ya Paa la Mjane

Mpendwa Mshauri Domitila, naomba msaada wako kabla sikukuu ya Mtakatifu Rosa haijapita, maana ikipita nimekwisha.

Mimi ni mjane wa makamo, nina kibanda cha vifungo, zipu na nyuzi sokoni hapa Lima, na tangu mume wangu afariki, Mungu amrehemu, sikuwa na haja na mwanamume yeyote mpaka Bwana Saturnino alipokuja kuweka mkokoteni wake wa emoliente, ile shayiri ya moto yenye mitishamba, mkabala na kibanda changu, na wewe unazijua asubuhi zetu za Julai, ukungu na manyunyu, mtu haanzi kazi bila glasi ya kitu cha moto, basi nikawa nakunywa kwake kila siku, naye akawa ananipa nyongeza kama wateja wote, ila yangu ilikaribia glasi ya pili, na jina langu Nélida analidekeza, ananiita Nelidita, na kila Ijumaa anakuja kununua kifungo kimoja cha koti, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio kama wa msichana, sikufichi.

Nikamweleza mpwa wangu Yésica wa saluni, ambaye kila kitu amejifunza kwenye simu, akanijia juu, "Shangazi, usithubutu kumwambia, utajishusha! Andika. Na usiandike 'namtaka', andika 'ninaye', ulimwengu hauwapi ombaomba." Nikanunua daftari, kila alfajiri naandika "Mimi ni mke wa Saturnino na tunapendana" mpaka kidole kimeota sugu, halafu Yésica akasema kuandika hakutoshi, niishi kama vile ameshafika, nikaanza kuandaa sahani mbili mezani, nikanunua ndara za kiume, nikanunua na shati la buluu la saizi yake, maana nimempima kwa macho, nalifua kila Jumamosi na kulianika juu ya paa ili ulimwengu uone, na Yésica akasema tena nisionyeshe kiu, mwenye kitu hakikimbilii, kwa hiyo siku hizi naenda mkokotenini mara mojamoja, na nikifika natazama pembeni.

Sasa mambo yamegeuka, Mshauri. Nyongeza hanipi tena, anajaza glasi na kufunika birika, vifungo haji kununua, na juzi nilimsikia akimwambia muuza kuku kwamba anatafuta wa kumwachia mkokoteni, baada ya sikukuu anarudi kwao Huancavelica. Nilipomuuliza kulikoni akanijibu, "Baridi ya Lima inaingia kwenye mifupa, mama. Haya, msalimie bwana." Bwana yupi? Nikadhani ananitania, lakini hakucheka.

Yésica anasema niongeze kurasa. Jirani yangu Bi Zoila, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, anasema niachane na daftari, niandike barua nikaitupe kwenye kisima cha Mtakatifu Rosa siku yake, kama watu wote wenye akili. Lakini Yésica anasema nikiomba kote kuwili yote yatabatilika. Nishike lipi? Nampenda kweli, Mshauri. Akipanda basi la kwao, asubuhi zangu zitakuwa za nini?

Nélida wa vifungo

*

Nélida, dada yangu,

Barua yako nimeisoma nikicheka, nikaisoma tena nikakuonea huruma. Sasa nakugombeza, kaa vizuri.

Unauliza bwana yupi? Bwana wa shati! Ulimwengu una shughuli nyingi, sina hakika kama ulipata nafasi ya kutazama paa lako. Bi Zoila alipata. Mjane akianika shati la kiume, jirani mwenye macho hahitaji kuelezwa zaidi, na kabla halijakauka soko zima limeshajua hadi upana wa kola. Naye Saturnino habari hizo zimemfikia palepale penye birika lake. Akaona siku hizi huji, na ukija unatazama ukuta. Wewe ungefikiri nini? Mtu wa adabu akisikia mwanamke ana mwenyewe, hupunguza nyongeza, humwita mama, na hutafuta basi la kwao. Umeandika kwamba una mume, dada, na kila mtu amesadiki isipokuwa mume.

Na vile vifungo! Umezeekea kwenye vifungo, na hukujiuliza ni koti gani hilo linalopoteza kimoja kila Ijumaa? Yeye hakuwa na daftari. Alikuwa na visingizio, na alivileta kwa miguu yake mpaka kibandani kwako. Ulimuuzia, ukamrudishia chenji, ukaenda nyumbani kuandika. Nélida!

Yésica simlaumu sana, ni mtoto. Kuandika nako si kubaya, humsaidia mtu kujua anachokitaka, na wewe sasa unakijua, kidole chako ni shahidi. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sijasikia aliyeuandikia mvungu ukamtolea.

Ama kisima, hebu nihurumie. Mtakatifu Rosa alikataa kuolewa hata akazikata nywele zake ili asitazamwe, nawe unataka kumtupia ombi la mume? Mpelekee waridi siku yake, muombe afya ya magoti. Mambo ya wanaume ni ya Mtakatifu Antonio, na foleni yake naijua, hutaifikia zamu yako kabla ya basi.

Sasa nisikilize. Leo hii lishushe shati hilo, ulipige pasi. Kesho asubuhi nenda mkokotenini wakati watu wamejaa, maana uvumi ulianzia hadharani na hadharani ndipo utakapofia. Bi Zoila akiwepo, heri zaidi. Kunywa glasi yako bila haraka, ukimtazama usoni. Akifunika birika, msogezee glasi umwambie, "Saturnino, na nyongeza yangu?" Atakuletea maneno ya bwana wako. Hapo mpe shati mkononi. Mwambie bwana huna, una shati, na ulilinunua kwa kipimo chake. Mwambie Jumapili unapika na sahani ya pili imechoka kukaa tupu. Habari za ulimwengu mwachie Yésica.

Utaona haya, najua. Utatamani ardhi ipasuke. Haitapasuka, kwa hiyo simama hapohapo usubiri jibu. Huenda akasema basi ameshalikatia tiketi, na hilo siwezi kukuahidi vinginevyo. Utaumia. Lakini ataondoka akijua, na wewe utalala bila kuandalia kivuli chakula.

Ila mimi kwa mtu anayenunua vifungo asivyovihitaji, naweka matumaini.

Jambo moja tu la mwisho. Kabla hujalikunja hilo shati, kata kifungo kimoja, kile cha katikati kinachoonekana, ukiweke kibandani kwako. Safari hii Ijumaa aje na shida ya kweli.

Domitila