Tuta la Mama Mdogo

Nyumba ya nyuma ya kinyozi,
Upande wa pili wa barabara mpya.
14 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje na hiyo baridi? Mkaza mjomba bado anakukataza kubeba mizigo, nawe bado unabeba? Binamu zangu natumaini ni wazima na wanasumbua kama kawaida. Sisi tunapumua. Mama amekonda, lakini cherehani yake inalia kutwa, na kwangu hiyo ni dalili njema kuliko maneno yake.

Rambirambi zako zilifika. Uliandika "ajali." Neno hilo limenikaa kooni, leo nakurudishia.

Mama Mdogo, kitindamimba wenu, alikuwa anavuka na beseni la nguo za watu alizotoka kufua. Bomba la maji liko kule, nyumba ziko huku, na katikati wamepitisha njia sita bila daraja la waendao kwa miguu. Ng'ombe wamechimbiwa njia yao chini. Fundi viatu, yule tunayemwita Meya, alikuwa akituchekesha: "Jamani, tujifunze kulia kama ng'ombe, huenda na sisi tukatengewa fungu." Lori lilimburuta Mama Mdogo mpaka kwenye kituo cha mafuta. Niliokota nguo kwanza, Mjomba, kwa sababu nguo zilikuwa zinaokoteka.

Dereva walimtolea dirishani. Kaka alimkandamiza shingo kwa goti, jiwe mkononi. Mama ndiye aliyemlalia dereva kwa mwili wake, akapigwa mateke yasiyo yake, huku akisema, "Huyu kibarua kama mimi. Nileteeni aliyechora barabara hii." Aliyechora hatukuwa naye. Tulikuwa na lami tu.

Tukaichimba. Kwa sururu, nondo, mitaimbo, hata mchi wa jirani. Tuliikata toka ukingo hadi ukingo, tukapandisha mawe na kifusi, likawa tuta la kumsimamisha yeyote. Nimesoma miaka mingi, nimeandika kurasa juu ya walionacho na wasionacho, na sikujua kwamba mikono yangu ina hasira yake yenyewe ambayo haikuwahi kunishirikisha. Nilipiga mpaka malengelenge yakapasuka, na nilifurahi. Nakuambia wewe kwa kuwa Mama siwezi kumwambia.

Askari walikuja na virungu na mabomu ya machozi. Kaka hana tena meno ya mbele, na sikio moja limekufa. "Afadhali ni la upande anaolala mke wangu," anasema, kisha anatema damu. Tuta wakalisawazisha. Tukalijenga tena. Wakalisawazisha tena, na safari hiyo walimvunja Meya mkono wa kazi.

Nilikusikia redioni kwenye mjadala wa maendeleo. Ulisema hakuna nchi iliyojengwa bila maumivu, na kwamba anayepinga barabara anapinga kesho yake. Mjomba, hatupingi barabara. Tunauliza nani anayegawa hayo maumivu. Wenye magari wamepewa mwendo, sisi tumepewa makaburi, halafu mnajumlisha na kusema tumesonga mbele. Wewe mhandisi, hesabu hiyo unaionaje?

Sasa tumesikia umealikwa kuhutubia siku ya ufunguzi rasmi wa barabara hii, na kwamba asubuhi yake utapita nyumbani. Kaka anataka tukufungie mlango. Mimi nilitaka kukuomba usije kabisa. Lakini hao watakaokaa mbele yako siku hiyo, sisi hatuwafikii hata kwa mawe. Wewe ukitamka daraja, watasikia.

Nilipomuuliza Mama nikuandikie nini, alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hakuinua kichwa. Akasema: "Mwambie kaka yangu aje. Gari limwache kule kwenye bomba. Avuke kwa miguu, kama mdogo wake. Akifika huku mzima, nitampokea. Halafu aende akahutubie."

Meya anakusalimu kwa mkono uliobaki. Kaka hakusalimu, ila amekaa hapa nikiandika na hajaninyang'anya kalamu. Nisalimie mkaza mjomba na binamu zangu.

Mungu akulinde huko uliko, na asubuhi hiyo akuangalizie kulia na kushoto.

Mpwa wako, anayekupenda hata sasa.